Kutegua, Kutengua na Kutangua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kazi ya uhariri huleta maswali ya kila aina, lakini sijaona kundi la maneno linalorudi mezani kwangu kama hili. Mtu kateleza kwenye ngazi: mguu umeteguka au umetenguka? Mkurugenzi kaondolewa: katenguliwa yeye, au umetenguliwa uteuzi wake? Udhu hutenguka au hutanguka? Nimekusanya hapa ninayoulizwa zaidi. Penye msimamo wangu mwenyewe, usio kanuni ya mtu yeyote, nimesema wazi.

## Msingi

1. Kutegua ni nini hasa?

Anza na mtego. Anayetega hukaza kamba, hushikiza kijiti, na kila kitu hukaa kwa kubanana kikingoja kuguswa. Anayetegua huuondolea mtego ule mbano: kijiti hutoka, kamba hulegea, mtego haumdhuru mtu tena.

Maana nyingine zote zimechipuka hapo. Kitu kilikuwa kimeshikana mahali pake, sasa kimeachia. Kitendawili hutegwa na huteguliwa. Bomu hutegwa na huteguliwa. Chungu kilichokaa juu ya mafiga huteguliwa pia, yaani huondolewa motoni, ingawa jikoni siku hizi utasikia zaidi kuipua au kuepua. Na mfupa uliokaa vizuri kwenye kiungo chake, ukiachia, umeteguka. Mwili wa binadamu ukiutazama hivyo, umetegwa sehemu nyingi mno.

2. Na kutengua?

Kutengua ni kukitoa kitu mahali kilipokuwa kimewekwa. Kitu hicho kinaweza kuwa mfupa, na zamani hiyo ilikuwa miongoni mwa maana zake za mwanzo. Leo, hasa Tanzania, kinachotenguliwa ni jambo: uteuzi, hukumu, kanuni, matokeo ya uchaguzi.

Tofauti ninayoitumia mimi ni hii. Kutegua hutazama *mbano*: kilichokuwa kimekaza kimelegea. Kutengua hutazama *mahali*: kilichokuwa hapa hakipo tena hapa. Kwenye bega yote mawili hutokea kwa mpigo mmoja, ndiyo maana watu huyachanganya, na ndiyo maana kuyachanganya si kosa kubwa (swali la 7).

3. Kutangua ni kosa la tahajia la kutengua?

Hapana. Kutangua ni kitenzi kamili, maana yake kubatilisha: kutangua ndoa, kutangua mkataba. Hakihusu mifupa kabisa. Hakuna atakayesema bega limetanguka, labda kama bega hilo lilifungishwa ndoa. Katika mambo ya sheria na ibada kinakutana na kutengua, na hapo mwandishi huchagua (maswali ya 14 na 15).

4. Kiungo kinatokana na kuunga. Kwa nini basi hatusemi "kuungua" kwa maana ya kuachanisha viungo?

Swali zuri kuliko yote, na huulizwa zaidi na wanafunzi. Ni kweli: kuunga ni kushikamanisha, na kiungo ni kile kinachounga. Neno hilohilo limezaa kiungo cha mchuzi, kwa kuwa bizari na iliki huunga mboga, na kiungo wa mpira wa miguu, anayeunga ulinzi na ushambuliaji. Kwa kanuni ya swali la 5, kinyume cha kuunga kingekuwa kuungua.

Tatizo ni kwamba mahali hapo pana moto. Mwambie msikilizaji wa leo kuwa goti la mtu limeungua, atakimbilia maji. Hivyo kazi ya kuachanisha viungo ikaangukia vitenzi vya jirani: kutegua kutoka kwenye mitego, kutengua kutoka kwenye kutenga. Pale kinachoachana si cha kushtukiza, kutengana kunatosha: "mbao zimetengana kwenye maungio."

5. Hiyo -u- ya katikati inafanya kazi gani?

Walimu huiita kauli ya kutendua. Inatengua kilichotendwa: funga/fungua, ziba/zibua, kunja/kunjua, tega/tegua. Baadhi ya vitenzi huacha silabi njiani: bandika/bandua, ezeka/ezua, anika/anua, pakia/pakua. Mzizi wenye *o* huivuta -u- iwe -o-: choma/chomoa, shona/shonoa. Irabu *e* haina nguvu hiyo, kwa hiyo ni tegua, si "tegoa".

Lakini usiichukue kama hesabu ya kujumlisha na kutoa. Kuna vitenzi ambavyo -u- haigeuzi maana, inaikaza: kama na kamua vyote ni kubana kitu kitoe majimaji, songa na songoa vyote vina kukaza ndani yake. Kutengua naona kuko upande huu. Kutenga ni kuweka kando. Kutengua hakumaanishi kukirudisha kilichotengwa, bali kukiondoa kwa nguvu au kwa mamlaka zaidi. Anayefundisha kwamba tengua ni kinyume cha tenga ataulizwa na mwanafunzi mwerevu, na atakosa jibu.

6. Tahajia sahihi ni ipi: tegua au teguwa? Tengua au teng'ua?

Tegua na tengua. Hakuna *w*, kama ambavyo hatuandiki "funguwa". Na *ng* ya tengua ni ya ngoma, si ya ng'ombe.

## Mwilini

7. Mguu umeteguka au umetenguka?

Yote mawili yanasemwa, na mwenye maumivu haulizwi sarufi. Katika matumizi ninayoyasikia, kuteguka hufunika mambo mengi: kifundo cha mguu kilichopinda mtu akikanyaga vibaya, kidole kilichogonga mpira, hata kiuno cha aliyebeba gunia la mahindi kwa pupa. Kutenguka hubaki kwa kiungo kilichotoka kweli mahali pake: bega, nyonga, kiwiko.

Ukiandika habari za afya, nakushauri uitumie tofauti hiyo hata kama mtaani haifuatwi. Andika "kifundo kimeteguka" pale ambapo kano zimevutika na mifupa ipo ilipo, na "bega limetenguka" pale ambapo mfupa umehama. Kisha ongeza sentensi moja ya kufafanua, kwa sababu msomaji wako hajasoma ukurasa huu.

8. Kuna tofauti gani kati ya kuteguka, kuvunjika na kushtuka?

Kuvunjika ni kwa mfupa wenyewe: umekatika au umepata ufa. Kushtuka husemwa zaidi kwa msuli ("msuli wa paja umeshtuka"), ule mvutiko wa ghafla unaomwangusha mkimbiaji akiwa peke yake uwanjani. Kuteguka ni kwa kiungo, mahali mifupa miwili inapokutana na kufungwa kwa kano. Pia ya goti, ambayo wazee huiita kilegesambwa, nayo huweza kuhama pembeni. Hapo husemwa "pia imehama" au "goti limetenguka".

Kwa macho hutaweza kutofautisha kila mara. Kiungo kilichotenguka hubadilika umbo: bega hupoteza mviringo wake na kuwa kama pembe ya meza, mguu huonekana mfupi kuliko mwenzake. Lakini mfupa unaweza kuvunjika na kutenguka kwa ajali ileile, ndiyo sababu hospitali hupiga picha ya eksirei kabla ya kurudisha chochote.

9. Nimetegua mguu, nimejitegua mguu, au nimeteguka mguu?

"Nimeteguka mguu." Kiswahili humweka mtu mbele na kiungo kikamfuata: nimevunjika mkono, ameng'oka jino, tumeumwa vichwa. "Nimevunja mkono wangu" ni sentensi iliyovaa nguo za watu wengine; mzee wa Tanga akiisikia atajiuliza ulikuwa na ugomvi gani na mkono huo.

"Nimejitegua" ipo na ni sawa ukitaka kubeba lawama: ulijitupa mwenyewe, ulilazimisha mazoezi. "Mguu umeteguka" nayo ni sahihi, ila mgonjwa anakuwa kama anasimulia habari za mguu wa jirani.

Kuna na la "ametenguliwa bega". Niliwahi kuliandika mimi, katika kipeperushi cha afya, miaka yangu ya mwanzo ya kazi. Muuguzi aliyekipitia akaandika pembeni: "Nani kamfukuza kazi?" Tangu siku ile naandika *kutenguka* kwa mfupa na *kutenguliwa* kwa mkurugenzi.

10. Bega likitenguka, kitenzi cha kulirudisha ni kipi, na nani anarudisha?

Kitenzi ni hichohicho, kurudisha: "daktari amelirudisha bega." Kuunga ni kwa mfupa uliovunjika, na kukanda ni kwa msuli, ingawa mtaani "kakandwa bega" hutumika kwa yote matatu, na hapo ndipo hatari inapoanzia.

Hili si suala la lugha tu. Kati ya viungo vikubwa vya mwili, bega ndilo linalotenguka mara nyingi zaidi, kwa kuwa kikombe chake ni kifupi kulingana na kichwa cha mfupa kinachokaa ndani yake. Uhuru wa kuzungusha mkono pande zote umelipiwa kwa ulegevu huo. Karibu yake hupita neva na mishipa ya damu. Mtu asiyejua akivuta kwa nguvu, anaweza kuvunja mfupa au kuumiza neva, na mkono ukabaki na ganzi. Kwa hiyo: ufunge mkono kwa kanga shingoni, jinsi mwenyewe alivyoona una nafuu, weka kitu baridi, si maji moto, maana moto saa za mwanzo huongeza uvimbe, usimpe chakula njiani, kwani huenda akahitaji dawa ya usingizi, nenda hospitali. Vidole vikiwa vya baridi, vyeupe au vimekufa ganzi, haraka yako iongezeke.

Nyonga iliyotenguka, ambayo mara nyingi hutokana na ajali ya gari au pikipiki, ni dharura kubwa zaidi. Kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kukosa damu, na madaktari hutaka kukirudisha ndani ya saa 6 za kwanza.

Na kwa wenye watoto wadogo: ile tabia ya kumnyanyua mtoto kwa mkono mmoja, kumvusha mtaro au kumwondoa kwenye balaa, hutegua kiwiko. Mtoto hulia kidogo, kisha anaacha tu kuutumia mkono, unaning'inia. Daktari hukirudisha kwa mzunguko mmoja mwepesi. Mnyanyue kwa makwapa.

11. Anayekata nyama kwenye viungo anategua, anatengua au anafanya nini?

Anakata. Muuza bucha hatumii vitenzi hivi viwili, na mara nyingi hatumii viungo pia: ana gogo na shoka, na mfupa unapigwa popote ulipolala. Ndiyo maana supu zetu huwa na chembe za mfupa za kutema.

Ila nyumbani, mwenye kisu kidogo na kuku mmoja, kutegua kunapata mahali. Pasua ngozi kati ya paja na tumbo, likunje paja kwa nyuma mpaka mfupa utoke kwenye kikombe chake (huo mlio mdogo ndio kuteguka kwenyewe), kisha pitisha kisu kwenye nafasi iliyofunguka. Hakuna mfupa uliovunjwa. Bawa ni vivyo hivyo. Kitendo chote cha kuondoa paja bila kisu, kwa mkono, kuku akiwa ameshaiva, ni kunyofoa.

## Ofisini, bungeni, mahakamani, msikitini

12. Mtu ametenguliwa, au uteuzi wake umetenguliwa?

Kwenye tangazo rasmi la Tanzania kinachotenguliwa ni uteuzi: "Rais ametengua uteuzi wa…" Mtu hakuguswa, kilichotolewa mahali pake ni ile karatasi iliyomweka ofisini. Ndiyo maana tangazo linaweza kuendelea kusema kuwa mhusika atapangiwa kazi nyingine. Kufukuzwa kazi ni jambo jingine, lina taratibu zake.

Mtaani sentensi hiyo imefupishwa hadi "katenguliwa", na sioni haja ya kupigana nayo. Kiswahili kimezoea kumpa mtu kitenzi cha kitu chake (swali la 9). Nitakachokataa kwenye makala ya habari ni "ametenguliwa kazi": kazi haitenguliwi.

Usikichanganye na kutumbuliwa. Hicho kiliingia kwenye siasa baada ya John Magufuli kuingia Ikulu mnamo Novemba 2015 na kuzungumzia kutumbua majipu. Kutumbua ni kupasua jipu ili usaha utoke, kwa hiyo anayetumbuliwa ameshaitwa uchafu. Anayetenguliwa ni kiungo tu kilichohamishwa. Mwandishi anayetaka kubaki katikati atumie tengua.

13. Bunge "linatengua kanuni". Je, linazifuta?

Halizifuti. Waziri husimama na kutoa hoja ya kutengua kanuni fulani ili jambo moja lipite: kikao kianze au kiishe nje ya muda wake, mgeni aruhusiwe kuingia ukumbini. Jambo likiisha, kanuni ipo palepale na makali yake yaleyale. Kufuta ni kuiondoa kabisa, kurekebisha ni kuibadili.

Hapa ndipo naona neno limechaguliwa vizuri kuliko mahali pengine popote. Kanuni imetenguka kama bega: imetoka kidogo, itarudishwa.

14. Mahakama inatengua, inatangua, inabatilisha au inafuta?

Hutegemea unaandikia wapi. Tanzania husemwa kutengua hukumu na kutengua matokeo. Mfano ninaoupenda kwa sababu za kisarufi tu: Aprili 2012 Mahakama Kuu ilitengua ushindi wa Godbless Lema katika ubunge wa Arusha Mjini, na Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikamrudishia kiti. Yaani utenguzi ulitenguliwa, na mfupa ukarudi kikombeni.

Kenya, Mahakama ya Juu ilipouondoa uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, neno lililotawala midomoni lilikuwa kubatilisha, au kufutilia mbali. Msomaji wa Nairobi ataelewa kutengua, lakini halimjii kwanza. Kutangua, kama nilivyosema kwenye swali la 3, hukaa vizuri zaidi kwenye ndoa na mikataba, na sauti yake ni ya Kiswahili cha pwani. Nomino zao ni utenguzi, utanguzi na ubatilishaji.

15. Yanayotengua udhu au yanayotangua udhu?

Vitabu na mawaidha hutumia yote mawili, na mengine husema yanayobatilisha au yanayovunja. Kutengua ndilo ninalolisikia zaidi, na lina mantiki nzuri: udhu ni hali uliyowekwa ndani yake, ukitokwa na kitu kupitia njia mbili, ukilala fofofo au ukizimia, umetolewa humo. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, huongezwa kugusana kwa ngozi ya mwanamume na mwanamke wasio maharimu bila kizuizi, na kugusa utupu kwa kiganja.

Swaumu ina msamiati wake. Inapoharibika hubatilika, na jua likitua mtu hufungua au hufuturu. Sijasikia mtu akitengua mwezi wa Ramadhani.

## Mitego, mabomu, vitendawili

16. Mabomu ya kutegwa, mabomu yaliyoteguliwa: ni kitu kimoja?

La hasha, na hili ndilo kosa pekee humu linaloweza kuua. *Kutegwa* ni kutendwa kwa kutega: bomu la kutegwa ardhini ni zima, linangoja mguu. *Kuteguliwa* ni kutendwa kwa kutegua: limeshalegezwa. Nimeona maelezo ya picha yakisema "eneo hili limetegwa mabomu yote" pale mwandishi alipotaka kusema yameondolewa yote. Silabi mbili zimeanguka, na maana imegeuka kuwa kinyume chake.

Jambo la pili kwa wanaoandika kuhusu panya buku wanaofundishwa Morogoro na shirika la APOPO, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Panya hategui bomu. Ananusa baruti, anaparura ardhi kumjulisha mwangalizi wake, basi. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020, akafa Januari 2022. Alikuwa mgunduzi, si mteguaji. Hata binadamu wanaofuata nyuma yake mara nyingi hawategui kwa maana kamili, hulilipua bomu palepale lilipo. Msumbiji, ambako panya hao walifanya kazi miaka mingi, ilitangazwa kuwa haina tena maeneo yanayojulikana ya mabomu ya ardhini mwaka 2015. Sentensi salama kwa kazi yote kwa jumla ni "kusafisha" au "kuondoa mabomu".

17. Kitendawili hutegwa na nani, huteguliwa na nani?

Mwenye nacho husema "Kitendawili!" na wasikilizaji hujibu "Tega!" Hivyo yeye ndiye anayetega na wao ndio watakaotegua. "Kuku wangu katagia mwibani": ukisema nanasi, umetegua. Ukishindwa, utaombwa mji, utatoa Mombasa au Bagamoyo, naye ataenda kutembea huko kwa maneno kabla ya kukupa jibu.

Fumbo hufumbuliwa, kwa kuwa limefumbwa. Tatizo hutatuliwa, kwa kuwa limetata. Magazeti hupenda kuandika kuwa polisi wametegua kitendawili cha kifo fulani. Sawa, mradi jibu limepatikana. Kama uchunguzi bado, kitendawili bado kimetegwa.

## Pembezoni

18. Neno lenyewe linaweza kukatwa kwenye viungo vyake?

Linaweza, na kitenzi cha kazi hiyo ni kunyambua, ambacho nje ya darasa ni kuchana kitu nyuzinyuzi, kama mtu anavyonyambua nyama iliyoiva. Chukua *hakikuteguliwa*: ha-ki-ku-teg-u-l-iw-a. Kukanusha, kitendawili au chungu, wakati uliopita, mtego, kutendua, kutendwa, na irabu ya kufungia.

Nimeruka herufi moja: *l*. Haina kazi unayoweza kuitaja, imetokea tu mbele ya -iw-. Ni masalio. Kiambishi hiki zamani kilikuwa na *l* mwishoni, na lugha nyingine za Kibantu bado zinayo: wasemaji wa Kilingala husema kofungola pale sisi tunaposema kufungua. Kiswahili kiliimeza *l* ile ikiwa kati ya irabu mbili mwishoni mwa kitenzi, lakini kwenye teguliwa, tegulia na funguliwa inachungulia. Kwenye teguka haipo kwa sababu -k- imekaa kitini pake.

19. Kutengua na kunengua vina uhusiano?

Kwa sikio tu. Kunengua ni kuchezesha kiuno, na wanenguaji wa bendi za dansi za Dar es Salaam hawajatenguka kitu, Mungu awazidishie. Vivyo hivyo usiunganishe kutegua na tegu, yule mnyoo bapa wa tumboni, wala na matege, miguu iliyopinda kwa nje.

20. Fundi anayeachanisha kitanda au injini anatumia kitenzi gani?

Anafungua. "Fungua kitanda tukihamishe", "ameifungua injini yote". Misumari hukongolewa, ulimi wa mbao huchomolewa kwenye tundu lake. Tegua hapa litamshangaza.

21. Ni kweli chatu hutegua taya ili ameze swala?

Linasimuliwa kila mahali, na kwa maana ya neno hili si kweli. Nusu mbili za taya la chini la chatu hazijaungana kidevuni kama zetu. Zimeshikwa na kano inayovutika, na upande wa nyuma taya linaning'inia kwenye mfupa unaochezacheza. Linapopanuka, hakuna kiungo kilichotoka mahali pake. Andika "hutanua".

22. Na mjusi anayeacha mkia?

Huyu naye huandikiwa kuwa ametegua mkia. Kwa mijusi wengi, akiwemo mjusi kafiri wa kwenye kuta zetu, mkia haukatiki kwenye maungio ya pingili. Hukatikia *ndani* ya pingili yenyewe, mahali penye ufa wa kuzaliwa nao. Kwa hiyo, kwa kipimo cha swali la 8, mkia wa mjusi umevunjika. Haukuteguka.